Kaseti ya Don Williams iliyokuwa kwa lori ya Mzee

CD yenyewe niliitoa kwa kile kikapu cha waya supamaketi huweka karibu na kaunta, cha vitu wanataka vitoke haraka, hapo Nakuru mwaka 2009. Ilikuwa chini ya CD za Krismasi na zingine za mazoezi ya mwili. Kwa jalada, mwanaume wa ndevu na kofia ya kauboi imechoka, jina Don Williams, yule mwimbaji wa country wa Marekani, alafu neno Hits, alafu stika nyekundu ya bei, shilingi mia mbili kasoro moja. Sikugeuza hata kuangalia nyimbo ni gani. Wikendi hiyo nilikuwa naenda nyumbani Kinangop na nikasema basi, leo Mzee nimempata.

Wacha kwanza nieleze Mzee na Don walijuana aje, ama hii stori haitaeleweka.

Baba alikuwa dereva wa lori ya waru, yaani viazi. Kama hujawahi kufika Kinangop, ni kule juu chini ya milima ya Aberdare, baridi yake si ya kuambiwa, na waru ndio karo, ndio harusi, ndio kila kitu. Lori ilikuwa Isuzu TX, inapakiwa mchana, inafungwa turubai jioni, alafu saa tano usiku inashuka Njabini, inatokea Flyover, inapita kwa ule ukungu wa Kimende, Limuru, mpaka Marikiti, soko la Nairobi, kabla ya saa kumi alfajiri juu ukichelewa mabroka wameshapanga bei bila wewe. Shule zikifungwa nilikuwa nabebwa mara moja moja. Mimi ndio msichana wa kwanza kwetu, nimeitwa jina la mama yake kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka, kwa hivyo hata leo ananiita maitu, mama yangu, na mtu hawezi kumnyima mama yake safari. Nilikuwa nakaa katikati, yeye kwa usukani, tanboi upande wa mlango, na kwa dashibodi hapo mbele yangu redio kaseti na kaseti moja. Moja tu. Zingine zilikuja zikaenda, hiyo ilikaa.

Ilikuwa TDK ya dakika 60, imedabiwa na kijana wa kibanda kwa steji ya Naivasha, na kwa karatasi ameandika kwa biro DON WILLIAM BEST 20, bila ile s ya mwisho. Hakuna picha, hakuna jina la wimbo hata mmoja, hakuna mwaka. Kumi upande wa A, kumi upande wa B. Mzee alikuwa anaianzisha Njabini lori ikianza kuteremka, na upande wa A ulikuwa unaisha karibu tu tukifika Flyover, hapo anaegesha, anashuka na tanboi wanazunguka kuangalia kamba na magurudumu, akirudi ndani anaigeuza. Kila safari. Mimi nilijua kilomita kwa nyimbo kabla nijue kusoma zile nambari kwa mawe ya kando ya barabara.

Usiku mmoja karibu na Limuru redio ikaila. Wale mliokuwa na kaseti mnajua ile sauti, mwimbaji anaanza kuzama kama mtu ameanguka kisimani, alafu kimya. Mzee akasimamisha lori, akaitoa polepole na utepe umejisokota ndani kama tambi, akairudisha na biro ya Bic, na pale palipokuwa pamekunjika kabisa hapakuwa na namna. Kesho yake nyumbani akapakata kwa wembe akaunga na seloteip, mama akimshikia taa. Sasa kaseti ni utepe mmoja ambao pande zote mbili zimelala juu yake, ukikata A umekata na B, kwa hivyo tukapata majeraha mawili. La kwanza kwa You're My Best Friend, wimbo wa nne upande wa A, Don anaanza mstari alafu anaruka, sekunde kama tatu zimeenda. La pili upande wa B katikati ya Tulsa Time. Sisi watoto tulizishika hizo nyimbo na kuruka kwake, na tukiziimba jikoni tulikuwa tunaruka pamoja bila mtu kukosea.

Ng'ombe wetu wa kwanza wa gredi aliitwa Amanda. Hiyo si lazima nieleze imetoka wapi.

Sasa hii mambo ya country huku milimani, watu wa nje huwa wanashangaa. Ukienda Nyandarua, Nyeri, Nakuru, Eldoret, utakuta wazee wanajua Jim Reeves wa Marekani kuliko wanavyojua wanamuziki wa nchi jirani, utakuta makofia ya kauboi kwa harusi, na baa za Nairobi kuna usiku wa country ambapo Sir Elvis Otieno, Mkenya wetu kabisa, anasimama na gitaa anawaimbia mpaka unasahau uko wapi. Na hata mugithi, ule muziki wa baa wa Kikuyu wa mtu mmoja na gitaa lake, usiku ukishakomaa atachomeka wimbo wa country hapo katikati na watu hawataona kama ametoka njiani. Mimi kwangu sababu si ngumu. Ni muziki wa watu wa mashamba, wa ng'ombe na barabara ndefu na kanisa Jumapili, gitaa iko mbele, na maneno yanatoka polepole na wazi kiasi kwamba mtu aliyeishia darasa la sita anashika. Mzee Kiingereza chake kilikuwa cha kuongea na askari wa trafiki. Lakini Don alikuwa anamshika neno kwa neno, juu Don hana haraka, anaweka neno chini kama mtu anayeshusha trei ya mayai.

Na sauti yenyewe, hiyo ndio kitu. Don Williams alizaliwa Floydada, Texas, mwaka 1939, akaanza na kikundi cha Pozo-Seco Singers miaka ya sitini, alafu akaenda Nashville, mji wa muziki wa country, na kuanza kutoa zake mwenyewe mwanzo wa miaka ya sabini. Walimwita Jitu Pole, juu alikuwa mrefu mkubwa na hakuwahi kupaza sauti. Kutoka 1974 mpaka 1986 alipata nyimbo 17 zilizofika namba moja kwa chati ya country ya Marekani na ukizisikiliza zote mfululizo hakuna hata moja anapiga kelele. Mwanzoni alirekodiwa na prodyuza Allen Reynolds, baadaye yeye mwenyewe akishirikiana na Garth Fundis, na kitu walichofanya ni kutoa vitu badala ya kuongeza. Ngoma imefunikwa kidogo, besi iko chini, gitaa mbili, na sauti ya yule mtu karibu sana na sikio. Wakati Nashville wengine walikuwa wanajaza vayolini na kwaya nyuma, yeye anaacha nafasi.

Hiyo ndio sababu mkusanyiko wa bei rahisi ulimfaa kuliko wengine wengi. Fikiria, kwa kaseti ya Mzee wimbo wa 1973 ulikuwa unafuatwa na wa 1981 alafu unarudi 1976, na hakuna mtu kwa ile lori aliyewahi kusikia mshono. Tulidhani amekaa chini siku moja asubuhi akaimba zote ishirini akaenda kula. Mwimbaji ambaye kila miaka miwili anabadilisha mtindo, ukimkusanya hivyo anasikika kama watu watano wanagombania maiki.

Basi, nikafika nyumbani na CD yangu ya kikapu. Baada ya chai nikaiweka kwa ile DVD ya sebuleni. Mzee akakaa, akavua kofia. Wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, ananiangalia. Wa tatu akauliza kama hii ni upande wa B. Ilipofika wa tano akainuka akasema anaenda kuangalia ng'ombe, na mlangoni akasema, "Ni yeye, maitu, lakini hizi si zake."

Ni yeye lakini si zake. Hilo neno lilinikaa sana mpaka nikaanza kutafuta, na nilichokuta nadhani kila mtu anayenunua CD za namna hii anafaa kujua.

Mwimbaji mkongwe mara nyingi hamiliki rekodi zake. Zinamilikiwa na kampuni iliyolipia studio. Don alianzia kwa kampuni ndogo ya Nashville iliyoitwa JMI, ya Jack Clement, alafu 1974 akaenda ABC/Dot, 1979 ABC yote ikanunuliwa na MCA, akabaki hapo mpaka katikati ya miaka ya themanini, alafu akahamia Capitol, alafu mwaka 1989 RCA. Kwa hivyo kuna Don wa ABC na MCA, huyo ndio wa kaseti ya Mzee, na kuna Don wa Capitol na RCA ambaye ni mtu yule yule, sauti ile ile, lakini nyimbo tofauti kabisa ambazo huku kwetu hazikuenea hivyo. Mtu akitaka kutoa mkusanyiko wa bei rahisi anaenda kukodi rekodi kwa yule anayekubali kukodisha, na wakati mwingine anayekubali ni mwenye zile za mwisho mwisho. Jalada litakuwa na kofia ile ile. CD yangu haikunidanganya, mimi ndio sikuigeuza.

Kuna na namna ingine, hii inauma zaidi. Kwa sababu mwimbaji hana rekodi zake za zamani, akishazeeka anaweza kuingia studio akaziimba upya, kampuni ndogo ikazitoa kwa bei ya chini, na nyuma ya CD wanaandika kwa herufi za sisimizi kwamba zimerekodiwa upya na mwimbaji mwenyewe. Sheria haina shida na hiyo bora muda uliowekwa kwa mkataba wa zamani umepita. Nilishanunua moja ya mwimbaji mwingine, simtaji, mzee ninayempenda sana, nikasikia nyimbo za ujana wake zimepigwa kinanda cha umeme na sauti imeshuka, na nikahuzunika kama mtu ameenda kutembelea shule yake ya msingi akakuta imekuwa godauni. Lakini simlaumu. Zile za kwanza zinaliwa na wengine, hii angalau yake.

Wanaojua muziki huwa wanazidharau hizi CD, wanasema nunua albamu kamili. Sawa, lakini albamu kamili ilikuwa inafika Njabini na nani? Hii biashara yenyewe ilianzishwa kwa ajili ya watu kama sisi. K-tel, ile kampuni ya Winnipeg, Canada, ilianzishwa na Philip Kives, kijana wa shamba kutoka Saskatchewan aliyekuwa anauza vyombo vya jikoni kwa tangazo la TV, na mwaka 1966 alipoamua kujaribu kuuza muziki kama anavyouza visu, rekodi yake ya kwanza kabisa ya mkusanyiko ilikuwa ya nyimbo 25 za country. Walikuwa wanabana nyimbo nyingi kwa sahani moja mpaka mifereji inakuwa myembamba na sauti inashuka, zingine wanazikata mwisho ili zitoshee. Na mwaka 1978 ni K-tel hao hao walitoa mkusanyiko wa Don ulioitwa Images ukapanda mpaka namba mbili kwa chati ya albamu ya Uingereza, mtu wa Texas, kwa nchi ambayo haina hata kauboi.

Na idadi ya nyimbo nayo ina sababu yake. Kwa Marekani mtunzi analipwa kwa kila wimbo kwa kila nakala, ilikuwa senti 2 za dola kutoka 1909 mpaka 1977, na ikafika senti 9.1 mwaka 2006. Kwa hiyo ya 2006, ukiweka nyimbo ishirini kwa CD ya kuuzwa dola tano, karibu dola mbili imeenda kwa watunzi tu, ndio maana CD nyingi rahisi za kule zina kumi peke yake. Ulaya wanalipa asilimia ya bei ya diski nzima, kwa hivyo ishirini au kumi ni gharama ile ile, na ndio maana zile zilizojaa nyimbo nyingi sana sana ni za Uingereza.

Hapo ndio nilifika kwa kitu ambacho kaseti ya Mzee haikuwahi kutuambia, watunzi. Karatasi ya biro haikuwa na jina la mtu. Kumbe Amanda iliandikwa na Bob McDill, na It Must Be Love ni yake, na Good Ole Boys Like Me pia, ile ambayo Mzee alikuwa anainyamazia kabisa hata tanboi akiongea anamwonyesha mkono. Kumbe You're My Best Friend ni Wayland Holyfield wa Arkansas, huyo huyo aliyeandika Some Broken Hearts Never Mend. Tulsa Time iliandikwa na Danny Flowers, mpiga gitaa wa Don mwenyewe, amefungiwa na theluji kwa hoteli hapo Tulsa, na Eric Clapton naye akaichukua akaiimba. Na I Believe in You ya 1980, ile kila mtu huku anaijua hata asiyejua Don ni nani, mmoja wa walioiandika ni Roger Cook, Mwingereza kutoka Bristol. Miaka ishirini nimeimba maneno ya hawa watu nikidhani yote ni ya yule wa kofia. Na kusema ukweli, kwa ile kaseti ya kibanda hawakupata hata senti moja. Holyfield alifariki 2024 na siku niliyosoma hiyo habari nilihisi kama kuna deni la waru ambalo familia yetu haikulipa.

Don mwenyewe Afrika alifika, Zimbabwe, mwaka 1997, aliimba Harare na wakarekodi video, Into Africa. Ukiiangalia usiangalie jukwaa, angalia watu. Wanaimba yote, wanawake kwa wanaume, na yeye anatabasamu kama mtu aliyekuta ndugu ambao hakuwa anajua anao.

Alifariki tarehe 8 Septemba 2017, Mobile, Alabama, akiwa na miaka 78. Wakenya watakumbuka hiyo wiki ilikuwa aje. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa urais tarehe 1, kila redio ni siasa, watu wanaangaliana vibaya kwa matatu. Alafu Jumamosi asubuhi nawasha redio nakuta ni Don, nyimbo zinafuatana hakuna mtu anaongea, na konda wa matatu niliyopanda akaongeza sauti. Nikampigia Mzee. Alikuwa ameshasikia. Akasema tu kwamba amekaa nje na redio ndogo na kwamba huko wanakosea mpangilio.

Mpangilio. Hapo ndio niliamua kumtafutia zake zote zile ishirini. Kazi haikuwa kuzipata, siku hizi zipo, kazi ilikuwa kupata zile zile, za enzi ile, si za kuimbwa upya jukwaani. Nikakaa na yeye na daftari, akanitajia moja moja kwa vidole, A kumi, B kumi, bila kufikiria, kwa njia ya kuhum, na mimi naandika jina. Nikaziweka kwa flashi kwa huo mpangilio wa kijana wa Naivasha, ambao hakuna kampuni popote duniani imewahi kuutoa.

Mara ya kwanza tuliisikiliza kwa gari yangu, nikimpeleka kliniki Nairobi, presha. Ilikuwa mapema, giza bado, tumeanzia Njabini kama zamani. Wimbo wa nne ukaanza na Mzee akaanza kuimba chini chini, na ilipofika pale, akaruka. Don hakuruka. Don akaendelea na mstari wake mzima, maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia kwetu, na Mzee ameshafika mbele anamngoja. Akageuka kuniangalia. Nikamwambia kwa simu naweza kuikata hapo ikuwe kama ile yetu. Akafikiria mpaka wimbo ukaisha. Akasema wacha.

Barabara siku hizi ni lami nzuri na gari ndogo haina mzigo, kwa hivyo Flyover tulipita tukiwa bado wimbo wa saba. Wa kumi uliisha tumeshafika Kimende, kwa ukungu. Mzee akanyoosha mkono kwa redio, akakuta hakuna kitu cha kugeuza, akaangalia nje.

"Mbona hatukusimama kuangalia kamba?"

Nikawasha indiketa nikatoka kando. Akashuka na koti lake, akazunguka gari yote polepole, akapiga kila gurudumu teke moja, akarudi ndani akafunga mlango. Nikabonyeza wimbo wa kumi na moja.